Oili ya Honda na vespa za zamani: kupima, na kusoma kile kipimo kinachokwambia

Chupa ya oili ya pikipiki dukani ni lita moja. Honda CG125, ukimwaga oili yake na kuirudishia, inataka kama lita 0.9. Honda za C50 na C70, zile za gia za kukanyaga bila klachi ya mkono, zinataka chini ya hapo. Kinachotokea Darajani na Mwanakwerekwe hapa Unguja, na Chake Chake kule Pemba, ni kile kile: chupa inafunguliwa, inamiminwa mpaka tone la mwisho kwa kuona hasara kubakisha, kifuniko kinafungwa, safari. Wiki mbili baadaye mwenye chombo analalamika injini inavuja, na fundi anabadilisha sili, ile pete ya mpira inayozuia oili, ambayo haikuwa na kosa.

Oili iliyozidi haina usalama wowote. Ikipita alama, krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, inaikoroga mpaka inatoa povu, na povu ni hewa. Pampu haiwezi kusukuma hewa juu hadi kwenye rokaamu, vile vikono vya kusukuma valvu, ikalainisha kitu. Wakati huo huo chumba cha krenki kinakosa nafasi, presha inapanda, na oili inatafuta pa kutokea: sili ya shafti ya sproketi, sili ya kiki, au mpira wa kupumulia unaokwenda kwenye boksi la chujio la hewa. Klachi nayo inaanza kuburura, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo. Kwa hiyo ukifungua boksi la chujio ukakuta sponji imelowa oili, usikimbilie kusema ringi za pistoni zimekwisha. Pima kwanza.

Kupima kuna masharti, na kila sharti lina sababu yake. Washa injini, iache ingurume dakika tatu hadi tano ili oili ipate moto na izunguke kote. Simamisha chombo kwa stendi ya kati juu ya sakafu iliyo sawa. Vichochoro vingi vya mjini vina mteremko wa kupelekea maji ya mvua, na mteremko mdogo tu unatosha kukudanganya. Zima, subiri dakika mbili tatu oili iliyopanda juu ishuke kwenye sampu, chini ya injini. Fungua dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, irudishe mpaka kifuniko kigote kwenye mdomo wa tundu, lakini usiizungushe kuifunga. Itoe, isome. Kwenye Honda hizi alama zimepigwa kwa kipimo hicho cha kuigotesha tu. Ukiifunga thredi zote inazama zaidi, na inakuonesha oili nyingi kuliko iliyopo. Zipo pikipiki za kampuni nyingine zinazotaka dipstiki ifungwe kabisa ndipo isomwe, na hilo utalipata kwenye kitabu chake, si kwa kubahatisha.

Kosa kubwa zaidi ni kupima chombo kikiwa kimelalia stendi ya pembeni. CG inalalia kushoto, na dipstiki yake iko kulia. Oili yote inakimbilia kushoto, dipstiki inatoka kavu, mtu anaongeza. Kesho anapima tena vile vile, anaongeza tena. Hapo ndipo injini ya chini ya lita moja inapokutwa na lita moja na robo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: dipstiki yenyewe inaweza kuwa si ya injini hiyo. CG ilitoka mwaka 1976 na imeigwa sana, hasa China, kwa hiyo vipuri vya mwigo vinaingia bila shida kwenye injini ya asili. Thredi zinakubali, lakini urefu wa kijiti au mahali pa alama panaweza kutofautiana. Honda iliyopita mikononi mwa watu watano tangu iingie bandarini Malindi ya Unguja, hakuna anayeweza kukuhakikishia dipstiki yake ni ileile. Dawa ni kuipimia wewe mwenyewe mara moja tu. Mwaga oili yote injini ikiwa ya moto, acha itiririke robo saa, funga bolti. Chukua chupa au jagi lenye alama za mililita, mimina kiasi ambacho kitabu kimetaja, si zaidi. Washa dakika mbili, zima, subiri, pima. Pale oili inapogusa ndipo alama yako ya juu ilipo. Kama haikuangukia kwenye alama iliyopo, kwaruza mstari mpya kwa msumari au msumeno wa chuma. Kuanzia siku hiyo una kipimo cha kuaminika.

Ukiona umezidisha, usisubiri iungue yenyewe. Nunua bomba la sindano la mililita 50 kwenye duka la dawa, livishe mpira mwembamba wa plastiki, uingize kupitia tundu la dipstiki na uvute. Ni kazi ya dakika tano, na haikulazimishi kugusa bolti ya chini.

Kipimo kinachopanda

Kipimo kikishuka kila mtu anashtuka. Kikipanda watu wanafurahi, na hapo ndipo pa kuogopa, kwa sababu oili haizaliani. Kama hukuongeza kitu na dipstiki inaonesha zaidi ya juzi, kuna kitu kimeingia, nacho ni petroli au maji.

Petroli utaijua kwa pua. Nusa dipstiki. Halafu dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe uiache: oili nzima inakaa katikati na kutanuka polepole, oili yenye petroli inaacha duara pana jembamba lenye harufu kuzunguka tone. Chanzo kwa kawaida ni sindano ya kabureta iliyolika, au boya lililotoboka, pamoja na tabia ya kuacha koki ya petroli wazi usiku kucha. Tangi liko juu, petroli inateremka kwa uzito wake, inajaza kabureta, inapita valvu ya kuingizia ikiwa wazi, inachuruzika pembeni ya ringi na kufika kwenye sampu. Oili hiyo imekuwa nyepesi na haina kazi tena. Usiiwashe injini hata kwa kujaribu tu. Badilisha sindano na kiti chake kama kinabadilishika, tikisa boya karibu na sikio usikie kama lina petroli ndani, kisha mwaga oili yote. Na ufunge koki kila ulalapo. Kwenye vyombo vya umri huu ni lazima, hata kama kabureta ni mpya.

Maji yana sura mbili, na ni vizuri kuzitofautisha kabla ya kutoa pesa. Ukikuta uji mweupe kidogo chini ya kifuniko tu, lakini dipstiki inatoka na oili safi, huo ni unyevu wa hewa ulioganda. Hutokea sana kwa vyombo vinavyofanya safari fupi tu, kutoka Malindi hadi Mkunazini na kurudi: injini haipati moto wa kutosha kuyafukuza maji yaliyomo kwenye hewa yetu nzito. Kipeleke Mahonda au Mkokotoni kwa mwendo wa wastani, kisha futa kifuniko. Lakini kama oili yenyewe kwenye dipstiki imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia hasa. Msimu wa masika barabara za chini kama Mwanakwerekwe zinapojaa, maji yanafika kwenye mdomo wa mpira wa kupumulia, na injini ya moto ikizimika ghafla ndani ya maji inapoa na kuyavuta. Mwaga oili, weka mpya ya bei nafuu, washa dakika tano bila kuendesha, mwaga tena, ndipo uweke oili yako ya kawaida. Mara moja haitoshi, kwa sababu maji yanabaki kwenye kifuniko cha klachi na kwenye chujio.

Kipimo kinachoshuka

Hapa moshi ndio mwongozo. Moshi wa buluu unaotoka asubuhi tu, chombo kikiwashwa baada ya kulala, kisha ukakatika, ni gaidi za valvu (vile vibomba ambamo valvu hupanda na kushuka) au sili zake: oili imedondoka polepole usiku kucha. Moshi unaotoka unapoachia mafuta kwenye mteremko, halafu unapovuta tena unatoa wingu moja zito, ni valvu vilevile. Moshi wa kudumu unapovuta mafuta kupanda mlima, na unazidi ukibeba mtu, ni ringi na silinda. Pemba na vilima vyake ni mahali pazuri pa kulijua hili. Unguja tambarare injini mbovu inaweza kujificha mwaka mzima.

Pengo dogo la oili kwenye injini hizi si dogo. Lita 0.9 ikipungua mililita 300, theluthi imekwisha, na iliyobaki inazunguka haraka zaidi na kupata moto zaidi. Cha kwanza kuumia ni cha juu. Kwenye C70 na C90 za zamani kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, inazunguka moja kwa moja ndani ya alumini ya silinda hedi, bila beringi. Ikikosa oili kwa safari moja ndefu, kinacholika si kipuri cha kubadilisha, ni hedi yenyewe. CG ina kamshafti chini na fimbo za kusukumia valvu, kwa hiyo inavumilia zaidi. Sifa yake ya kutokufa imetoka hapo, na watu wameitumia vibaya sifa hiyo.

Hizi Honda hazina chujio la karatasi la kubadilisha. Zina wavu wa chuma na kile kikombe kinachozunguka mwisho wa krenki, ndani ya kifuniko cha kulia, ambacho kinatupa uchafu pembeni kwa nguvu ya mzunguko. Kila kilomita 10,000 hivi fungua kifuniko hicho, ukwangue tope jeusi gumu lililoganda ndani ya kikombe, uoshe wavu kwa petroli. Andaa gasketi mpya kabla hujafungua. Ukifanya kazi hii injini itataka oili kidogo zaidi ya kawaida, maana umetoa hata ile iliyokuwa imebaki pembeni, kwa hiyo jaza kwa kupima.

Royal Enfield Bullet na Yamaha XT500 zina utaratibu wa peke yake: oili haikai kwenye sampu, ina tangi lake, na kwenye XT500 tangi ni fremu yenyewe. Chombo kikikaa siku nyingi oili inateremka kwenye krenki, dipstiki inaonesha pungufu ya uongo. Pima baada ya kuendesha tu.

Vespa ina oili mbili

Vespa PX, iliyoanza kutoka mwaka 1977, pamoja na ndugu zake za India zilizotengenezwa na LML, ukiacha zile za 4T (mipigo minne), ni injini ya 2T (mipigo miwili). Hakuna oili kwenye sampu. Kuna oili inayoungua pamoja na petroli, na kuna oili ya giaboksi. Kutozitofautisha mbili hizi ndiko kunakoua vespa nyingi, zikiwemo zile za kukodisha ambazo kila anayezipanda anadhani mwingine ameshaangalia.

Ya petroli kwanza. PX inataka asilimia 2, yaani mililita 20 za oili ya 2T kwa kila lita ya petroli. Vespa za zamani zaidi nyingine zinataka asilimia 5, soma kitabu cha namba yako ya fremu. Bomba la sindano la mililita 20 linamaliza ubishi: bomba moja, lita moja. Chupa ya maji ya lita moja na nusu inataka 30. Usimimine oili moja kwa moja kwenye tangi juu ya petroli. Inashuka chini, inakaa kwenye koki, na injini inaanza kwa kunywa oili tupu kisha inamalizia kwa petroli tupu. Changanya kwenye kidumu: nusu ya petroli, oili yote, tikisa, ongeza petroli iliyobaki, tikisa tena. Kuongeza oili "kwa usalama" nako ni kosa. Plagi inalowa masizi, sailensa inaziba kaboni, chombo kinakosa nguvu, na kwa kuwa oili imechukua nafasi ya petroli, mchanganyiko wenyewe unakuwa mkavu zaidi, yaani petroli kidogo kwa hewa nyingi.

PX nyingine zina tangi la oili peke yake na pampu inayochanganya yenyewe. Utaijua kwa kidirisha kidogo cha kuonea chini ya sehemu ya mbele ya siti. Kuwa na kidirisha hakumaanishi pampu inafanya kazi. Nyingi zimezibwa na mafundi zamani. Ukinunua vespa ya namna hii, jaza tangi la oili, weka alama kwa utepe, kisha endesha kwa petroli iliyochanganywa asilimia 2 mpaka tangi la petroli liishe. Oili ikishuka, pampu inavuta na unaweza kuacha kuchanganya. Isiposhuka, endelea kuchanganya maisha. Na oili ya tangi hilo ikiisha kabisa, hewa imeingia kwenye mpira: jaza, itoe hewa, na uendeshe kwa petroli ya kuchanganya kwa tangi moja zima kabla ya kuiamini tena.

Giaboksi inachukua mililita 250, oili ya SAE 30. Isiwe oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano, kwa sababu klachi inaogelea humo humo. Kumwagia ni kwa bolti ya chini ya injini, spana namba 11. Kujazia ni kwa tundu la pembeni. Hakuna dipstiki. Vespa ikiwa imesimama wima, si juu ya stendi iliyolala, oili inatakiwa ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Bomba la sindano linatumika tena hapa, maana chupa haiingii kirahisi.

Oili ya giaboksi ndiyo inayotoa habari za sili ya krenki upande wa klachi. Ikiwa inapungua bila kuvuja chini, na sailensa inatoa moshi mzito mweupe wa buluu hata baada ya injini kupata moto, sili imechoka na krenki inaivuta oili ya gia na kuiunguza. Ikiwa inaongezeka na inanuka petroli, ni mlango uleule kwa upande wa pili: kabureta imefurika chombo kikiwa kimesimama, petroli imejaa chumba cha krenki na kupita kwenye sili. Kufika kwenye sili hiyo kunataka injini ishushwe na ifunguliwe yote, kwa hiyo hakikisha kwanza. Weka mililita 250 kamili, endesha kilomita 100, mwaga kwenye chombo cha kupimia uone zimerudi ngapi. Mwambie fundi tarakimu hiyo, usimwambie "inatoa moshi".

Suzuki A100 na Yamaha DT nazo zina oili mbili, na mifuniko miwili. Oili ya 4T ikimiminwa kwenye tangi la 2T haiungui vizuri, na inaacha kaboni. 2T ikimiminwa kwenye giaboksi, gia zinalika kimya kimya.

Kuhusu namba za uzito wa oili: kwa Honda zetu na joto la hapa, 20W-50 inafaa injini iliyochoka, 10W-40 inafaa iliyofunguliwa na kufungwa upya. Muhimu kuliko namba ni maandishi JASO MA nyuma ya chupa, yanayosema oili inafaa klachi ya kulowa. Kwa 2T tafuta JASO FB au FC. Angalia sili ya chini ya kifuniko kabla hujalipa. Chupa iliyofunguliwa na kujazwa upya inajulikana kwa kifuniko kinachozunguka bila kukatika. Kwa chombo kinachobeba abiria au karafuu, kilomita 1,500 hadi 2,000 ndiyo muda wa kumwaga, hata kama kitabu kinataja zaidi.

Bolti ya kumwagia kwenye Honda ni ya spana namba 17. Chumvi ya bahari inaigandisha ndani ya alumini, kwa hiyo ifungue injini ikiwa ya moto, na uanze kuizungusha taratibu. Weka washa mpya (ile pete bapa ya bolti) ya shaba au alumini kila mara. Ikaze kwa mkono mpaka igote, kisha robo mzunguko. Mwenye spana ya kipimo atosheke na Nm 25 hadi 30. Thredi za alumini zikilika, utakuwa umejinunulia kazi ya tona, fundi wa kuchonga vyuma, kwa sababu ya washa ya shilingi chache. Oili chafu usiimwage uani. Maji ya visima vya Unguja yanapita kwenye jiwe la matumbawe lenye matundu, na hakuna kinachoichuja. Iweke kwenye kidumu. Wanaojenga mabanda watakuomba wapakie nguzo dhidi ya mchwa.

Mwisho, tandika kipande cha boksi chini ya injini ulalapo, na uweke alama ya mahali tairi la mbele lilipo. Asubuhi doa litakuwa limekuonesha mahali. Nyuma ya sproketi ya mbele ni sili ya shafti au sili ya fimbo ya gia. Chini ya kiki ni sili ya kiki. Katikati kabisa ni washa ya bolti. Doa likiwa mbele kabisa, fuata oili juu kwa kidole mpaka kwenye gasketi ya bloku, kwa sababu upepo wa barabarani unaisukuma nyuma, na penye kuvuja hasa huwa ni mbele na juu ya pale penye uchafu mwingi. Osha injini kwa mafuta ya taa, ikauke, paka unga wa chokaa sehemu unazozishuku, endesha dakika kumi. Mstari wa kwanza kulowa kwenye chokaa ndio wa kushughulikia. Mingine ni oili iliyotiririka kutoka hapo.